Seva Ina Intaneti, Kompyuta Nyingine Hazina: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo Lilipo

Malalamiko ni yale yale, iwe ni maabara ya kompyuta ya shule, saiba ya mtaani au ofisi ya SACCOS. Seva inafungua kila kitu, lakini kompyuta zilizo nyuma yake hazifungui chochote. Au zinafungua kurasa chache, nyingine zinazunguka bila mwisho. Au jana jioni zote zilikuwa nzima, umeme ukakatika usiku, asubuhi hakuna hata moja inayoingia mtandaoni.

Kinachofuata nacho ni kile kile. Mtu anabadilisha anwani hapa, anafuta kanuni kule, anazima na kuwasha ruta, mwishowe anaweka upya mfumo mzima wa seva. Wiki ikipita tatizo linarudi, kwa sababu hakuna aliyejua lilikuwa wapi.

Mwongozo huu unakutaka ufuate pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kuanzia nje kuja ndani, na usibadilishe kitu mpaka umeona inafia wapi. Usiruke hatua. Majibu ya hatua ya tano hayana maana kama ya kwanza haijapita.

Mfano wetu ni seva ya Ubuntu yenye kadi mbili za mtandao. `enp1s0` inatazama nje, kwenye modemu au ruta ya kampuni ya mtandao. `enp2s0` inatazama ndani, kwenye swichi. Seva yako ikiwa na majina mengine ya kadi, weka hayo kila unapoona haya. Wenye Windows wana sehemu yao mwishoni, ila hatua ya kwanza hadi ya nne zinawahusu pia kwa mantiki, ingawa amri za seva ni za Ubuntu.

## Andaa hivi kwanza

- Skrini na kibodi kwenye seva yenyewe. Usifanye kazi hii kwa SSH (kuingia kwenye seva kupitia mtandao) ukiwa mbali. Kanuni moja ya ukuta wa kinga ikikosewa utajifungia nje na itabidi usafiri.
- Nenosiri la mtumiaji mwenye ruhusa ya `sudo`.
- Kompyuta moja ya kupimia. Nyingine ziache kama zilivyo.
- Kebo mbili za mtandao ambazo una hakika ni nzima.
- Programu za kupimia. Ziweke wakati seva bado ina intaneti: `sudo apt install tcpdump bind9-dnsutils`
- Nakala ya mipangilio ya sasa: `sudo cp -a /etc/netplan /etc/dnsmasq.conf /root/` na `sudo nft list ruleset > ~/kanuni-za-zamani.txt`
- Daftari na kalamu. Kila amri utakayoandika na kila jibu utakalopata, liandike.

Hilo la daftari si la kupuuza. Mafundi wengi hukwama kwa sababu wamebadilisha vitu vitano, mtandao umerudi, na hawajui ni kipi kati ya vitano kilichoponya.

## Hatua ya 1: Seva yenyewe ina intaneti kweli?

Andika kwenye seva:

```
ip route
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 wikipedia.org
```

Ping ni ombi dogo la kuuliza kama mashine ya mbali inajibu. Ya kwanza inapima njia, ya pili inapima njia pamoja na kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Ya kwanza ikikataa, tatizo liko nje ya seva au kwenye kadi ya nje, na kompyuta za ndani hazihusiki kabisa. Angalia bando kabla ya kitu kingine. Modemu huendelea kuonyesha kwamba imeunganishwa hata kama salio limekwisha, na watu hupoteza asubuhi nzima wakichokonoa seva isiyo na kosa.

Kuna pia siku ambazo shida iko mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama ile hakuna amri ya kwenye seva itakayosaidia. Washa data ya simu yenye laini ya kampuni nyingine ulinganishe kabla ya kugusa chochote.

Sasa tazama jibu la `ip route`. Mstari unaoanza na `default` unatakiwa kuwa mmoja, na utaje `enp1s0`. Ukiwa na miwili, mtu ameweka lango (anwani ya kutokea kwenda intaneti) kwenye kadi ya ndani. Ni kosa la kawaida mno: anayejaza mipangilio anaona nafasi ya lango iko wazi, anaijaza. Njia iliyoandikwa kwa mkono bila kipimo cha kipaumbele huishinda ile iliyopatikana kwa DHCP (ugawaji wa anwani unaojiendesha), kwa hiyo seva inaanza kutafuta intaneti upande wa swichi. Kadi ya ndani haihitaji lango. Yenyewe ndiyo lango la wengine.

Ikienda vizuri: `default` ni moja tu, kupitia `enp1s0`, na ping zote mbili zinajibu.

## Hatua ya 2: Mitandao miwili isitumie anwani zinazogongana

Andika `ip -br addr`. Ukiona kadi ya nje ina 192.168.1.20 na ya ndani ina 192.168.1.1, umeshapata ugonjwa. Seva ikiambiwa itume pakiti 192.168.1.35 haiwezi kujua kama mwenye anwani hiyo yuko nje au ndani.

Hili hutokea sana mtu anapobadilisha kampuni ya mtandao. Ruta mpya inakuja na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, modemu nyingi za Huawei zinakuja na 192.168.8.1, na bahati mbaya inaangukia namba ile ile uliyoichagua ndani miaka iliyopita. Chagua namba isiyopendwa na watengenezaji. Mimi hutumia 192.168.50.0.

Anwani za ndani zina mipaka yake: zinazoanza na 10, kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Usibuni nyingine. Nimekuta ofisi zinazotumia 192.169, na hizo ni anwani za watu wengine kwenye intaneti.

Faili ya mipangilio ya kadi za mtandao, ndani ya `/etc/netplan`, iwe hivi:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp1s0:
      dhcp4: true
    enp2s0:
      addresses: [192.168.50.1/24]
```

Ijaribu kwa `sudo netplan try`. Amri hii inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe baada ya sekunde 120 kama hujathibitisha, kwa hiyo ni salama kuliko `netplan apply`. Nafasi mwanzoni mwa mistari ziwe za kawaida, usitumie kitufe cha Tab.

## Hatua ya 3: Kompyuta ya kupimia imepewa anwani gani?

Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `ipconfig /all`. Jibu litaangukia moja ya makundi matatu.

Anwani ni 192.168.50.kitu-fulani na lango ni 192.168.50.1. Vizuri, nenda hatua ya 4.

Anwani inaanza na 169.254. Kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Badilisha kebo, angalia taa ya tundu lake kwenye swichi, kisha rudi kwenye seva uulize mgawaji wa anwani kama yuko hai:

```
systemctl status dnsmasq
sudo journalctl -u dnsmasq -n 50
```

Ukiona maneno `Address already in use`, dnsmasq imegombania poti 53 (mlango wa kuulizia majina) na `systemd-resolved`, programu ya kutafuta majina ambayo Ubuntu huja nayo. Kwa kuwa dnsmasq ni programu moja inayofanya kazi mbili, kugawa anwani na kujibu majina, ikishindwa moja haiwashi kabisa. Ndiyo maana tatizo la majina linaonekana kama tatizo la anwani. Usizime `systemd-resolved`. Iambie dnsmasq ikae upande wake tu:

```
interface=enp2s0
bind-dynamic
dhcp-range=192.168.50.100,192.168.50.200,12h
no-resolv
server=1.1.1.1
server=8.8.8.8
```

Hifadhi kwenye `/etc/dnsmasq.conf`, kisha `sudo systemctl restart dnsmasq`. Saiba inayopokea simu nyingi za wateja ipunguze `12h` iwe `2h`, la sivyo anwani 101 zitaisha mchana na mteja wa jioni ataambulia 169.254.

Kama unatumia `ufw`, programu ya ukuta wa kinga ya Ubuntu, poti ya kuombea anwani inaweza kuwa imefungwa: `sudo ufw allow in on enp2s0 to any port 67 proto udp`.

Anwani ni ya familia nyingine kabisa, mfano 192.168.0.14. Kuna mgawaji wa pili ndani ya mtandao wako. Mara nyingi ni ruta ndogo ya Wi-Fi ambayo mtu ameichomeka kwenye swichi kwa nia njema, ili simu zipate mtandao. Dalili yake inachanganya: kompyuta hii inaingia, ile haiingii, kesho zinabadilishana, kwa sababu anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa.

Chomoa kebo moja moja kwenye swichi, kila mara ukiandika `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew` kwenye kompyuta ya kupimia, mpaka umpate. Si lazima ruta hiyo itupwe. Izimie ugawaji wa anwani, ipe 192.168.50.2, na uichomeke kwa kutumia moja ya matundu yake ya ndani, si lile la intaneti. Itabaki kurusha Wi-Fi tu.

## Hatua ya 4: Ndani kwa ndani

Kutoka kompyuta ya kupimia: `ping 192.168.50.1`. Ikijibu, endelea. Isipojibu ilhali anwani ni sahihi, jaribu kebo nyingine na tundu jingine la swichi, kisha angalia kama mtu amefunga ping kwenye seva.

## Hatua ya 5: Seva inapitisha pakiti?

Hapa ndipo wengi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwenye kompyuta ya kupimia anza ping isiyokoma: `ping -t 1.1.1.1`. Kwenye seva fungua madirisha mawili:

```
sudo tcpdump -ni enp2s0 icmp
sudo tcpdump -ni enp1s0 icmp
```

Dirisha la kwanza linaonyesha pakiti zinazoingia kutoka ndani, la pili zinazotoka kwenda nje. Soma yote mawili kwa pamoja.

Dirisha la ndani liko kimya. Kompyuta haitumi pakiti kwa seva. Lango lake si sahihi. Rudi hatua ya 3.

Ndani zinaonekana, nje kimya. Seva inazipokea na kuzitupa. Kwanza uliza: `cat /proc/sys/net/ipv4/ip_forward`. Jibu likiwa 0, kupitisha kumezimwa. Linux huja hivyo makusudi, maana kompyuta ya kawaida haitakiwi kuwa njia ya wengine. Washa kwa namna itakayodumu:

```
echo 'net.ipv4.ip_forward=1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-kupitisha.conf
sudo sysctl --system
```

Jibu likiwa 1 tayari, basi kuna ukuta wa kinga unaokataa. `ufw` hukataa pakiti za kupita mpaka iambiwe: `sudo ufw route allow in on enp2s0 out on enp1s0`. Docker nayo (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha), ikiwekwa kwenye seva, inaweza kubadilisha msimamo wa pakiti za kupita kuwa kukataa. Kama intaneti ya ndani ilikufa siku mtu alipoweka Docker, usitafute mbali. Ushauri wangu wa dhati ni kwamba seva inayogawa intaneti isibebeshwe Docker. Tafuta mashine nyingine.

Ukumbuke jambo moja kuhusu kanuni hizi: kukataa popote kunashinda. Ukiongeza kanuni ya kuruhusu kwenye jedwali lako, na `ufw` ikakataa kwenye lake, pakiti inakufa. Ndiyo maana kuongeza ruhusa juu ya ruhusa hakusaidii.

Nje zinaonekana, lakini mtumaji ni 192.168.50.kitu-fulani. Pakiti zinatoka na anwani ya ndani, ambayo huko nje hakuna anayejua kuirudishia jibu. Seva inatakiwa kuweka anwani yake mahali pa ile ya ndani. Kama hutumii `ufw`, fungua `/etc/nftables.conf` na uongeze mwishoni:

```
table ip kushiriki {
  chain kutoka {
    type nat hook postrouting priority srcnat; policy accept;
    ip saddr 192.168.50.0/24 oifname "enp1s0" masquerade
  }
}
```

Kagua kabla ya kuwasha: `sudo nft -c -f /etc/nftables.conf`. Ikinyamaza, hakuna kosa la uandishi. Kisha `sudo systemctl enable nftables` na `sudo systemctl restart nftables`.

Onyo: faili hilo kwa kawaida huanza na `flush ruleset`, yaani futa kanuni zote. Ukiwa na `ufw`, itazifagia za kwake pia. Wenye `ufw` waweke haya juu ya mstari wa `*filter` ndani ya `/etc/ufw/before.rules`, kisha `sudo ufw reload`:

```
*nat
:POSTROUTING ACCEPT [0:0]
-A POSTROUTING -s 192.168.50.0/24 -o enp1s0 -j MASQUERADE
COMMIT
```

Chagua chombo kimoja tu. Seva yenye kanuni za `ufw`, za `nft` na za `iptables` zilizowekwa na mafundi watatu tofauti haitengenezeki. Ifute na uanze upya.

Zinatoka na anwani ya seva, majibu yanarudi kwenye `enp1s0`, ila hayafiki ndani. Kanuni zako zinaruhusu kwenda na kuzuia kurudi. Tafuta kwenye mnyororo wa `forward` ruhusa ya `ct state established,related accept`. Haipo, au iko chini ya kanuni inayokataa.

Zinatoka sawasawa na hakuna kinachorudi. Rudi hatua ya 1. Shida iko nje.

Ikienda vizuri: kila ombi linaonekana mara mbili, mara moja katika kila dirisha, na kila jibu vivyo hivyo.

## Hatua ya 6: Majina

Ping ya 1.1.1.1 inajibu lakini kivinjari hakifungui kitu? Linganisha kutoka kompyuta ya kupimia:

```
nslookup wikipedia.org 192.168.50.1
nslookup wikipedia.org 1.1.1.1
```

Ya pili ikijibu na ya kwanza ikakataa, dnsmasq haisikilizi au poti 53 imefungwa. Wenye `ufw`: `sudo ufw allow in on enp2s0 to any port 53`. Zote zikijibu, kompyuta inauliza mahali pengine. Angalia kama mtu alijaza DNS (anwani ya anayejibu majina) kwa mkono, rudisha kuwa ya kupokea yenyewe, kisha `ipconfig /flushdns`.

Usiifungue poti 53 upande wa `enp1s0`. Seva inayojibu majina kwa dunia nzima hutumiwa kushambulia wengine.

## Hatua ya 7: Kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinaning'inia

Tatizo hili ndilo linalowatesa watu muda mrefu kuliko yote, kwa sababu kila kipimo kinasema mtandao ni mzima. Ping inajibu, majina yanajibu, tovuti nyepesi zinafunguka. Ukienda kwenye benki au ukipakia faili kwenye barua pepe, inaganda.

Chanzo ni ukubwa wa pakiti. Mtandao wa ndani unabeba pakiti za baiti 1500, lakini njia ya nje inaweza kubeba pungufu. Kwenye PPPoE, aina ya muunganisho wa jina la mtumiaji na nenosiri, ni 1492. Pakiti kubwa ikifika pembamba na taarifa ya kuipunguza ikazuiwa njiani, inapotea kimya kimya.

Pima kutoka Windows:

```
ping -f -l 1472 1.1.1.1
```

1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Ikikataa, punguza: 1464, 1440, 1420, mpaka ijibu. Chukua namba kubwa kabisa iliyojibu, ongeza 28, na hicho ndicho kipimo chako. Mfano, ikijibu 1464, kipimo ni 1492.

Kiweke kwenye netplan chini ya `enp1s0` kwa mstari `mtu: 1492`. Kisha ongeza mnyororo huu ndani ya jedwali la `kushiriki`, ili seva iziambie kompyuta za ndani zisitume zaidi ya hapo:

```
  chain kupita {
    type filter hook forward priority mangle; policy accept;
    tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu
  }
```

Vyote viwili vinahitajika. Kanuni hii inasoma kipimo cha kadi. Kadi ikiendelea kusema 1500 huku pembamba pako mbele kwenye modemu, kanuni haitabadilisha lolote.

## Ikiwa ni kompyuta moja tu inayokataa

Usiguse seva. Angalia tarehe na saa kwanza. Kompyuta za zamani za shule zenye betri ya CR2032 iliyokufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Baada ya hapo angalia kama kuna proksi (mashine ya kati ya kupitishia kurasa) iliyobaki kwenye mipangilio ya Windows.

## Hatua ya 8: Zima na uwashe kwa makusudi

Usiondoke kabla ya kufanya `sudo reboot`. Kanuni iliyoandikwa kwa amri tu, bila faili, hupotea hapo. `ip_forward` iliyowekwa kwa `sysctl -w` hupotea pia. Modemu ya USB inaweza kurudi na jina jingine la kadi, na kanuni zako zote zikawa zinataja kadi isiyokuwepo. Linganisha `ip -br addr` na ulichoandika daftarini.

Rudia ping na `nslookup` kutoka kompyuta ya kupimia bila kugusa seva. Zikipita, washa kompyuta nyingine zote kwa pamoja, siyo moja moja, ili uone kama ugawaji wa anwani unamudu.

## Kama seva yako ni Windows

Windows ikigawa intaneti, kadi ya ndani hujipa 192.168.137.1 na kompyuta nyingine hupata 192.168.137.kitu-fulani. Acha namba hizo kama zilivyo. Ukizibadilisha kwa mkono ugawaji huvurugika.

Ugonjwa wake mkubwa ni kusimama baada ya kuwashwa upya. Dawa ya haraka ni kuondoa alama ya kugawa kwenye kadi ya nje, kuhifadhi, kisha kuirudisha. Dawa ya kudumu ina sehemu mbili. Weka huduma ya `SharedAccess` ijiwashe yenyewe, kisha uiambie Windows ikumbuke ugawaji baada ya kuwashwa upya, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

```
sc config SharedAccess start= auto
reg add HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess /v EnableRebootPersistConnection /t REG_DWORD /d 1
```

Nafasi baada ya `start=` ni ya lazima. Washa upya mashine, subiri dakika mbili, kisha pima kutoka kompyuta ya ndani kuanzia hatua ya 3, ukiweka 192.168.137 kila palipoandikwa 192.168.50.